Mstaafu Anarudi Kwao. Na Mkewe Je?



Methali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa husikika sana katika nyumba za watumishi waliokaribia umri wa miaka 60. Huo ndio umri ambao mtumishi wa umma analazimika kukabidhi ofisi, na ndipo baba wa nyumba anapoanza kuzungumza habari za kijiji: migomba ya babu yake, mfereji wa maji, makaburi ya wazazi, hewa isiyo na moshi wa magari. Nyumba ya huko imekwisha kujengwa kidogo kidogo, mwaka huu matofali, mwaka ujao mabati. Siku ya kuagana Jumuiya Ndogo Ndogo huandaa chakula, kwaya huimba, viongozi hukabidhi zawadi ya mablanketi, na kesho yake lori huondoka. Nasi tunaobaki husema, "Wamerudi kwao."

Naomba tulipime neno hilo. Mume amerudi kwao. Mke hakurudi, amehama. Kwao ni kwingine kabisa, na huko hakuna aliyemjengea.

Tuchukue mfano wa watu ambao sura zao zinafahamika katika kila parokia ya mjini. Mume ni mtu wa Rombo, mke ni mtu wa Mbinga. Walikutana Dar es Salaam wakiwa vijana, wakafunga ndoa kanisani, wakaishi pamoja miaka 34. Mume alikuwa karani wa serikali. Mke alianza kwa kuuza maandazi, akanunua cherehani, hatimaye akawa na kibanda cha ushonaji chenye wateja wake. Ada za watoto zilitoka katika mifuko yote miwili, na hakuna aliyeweka daftari la kuonyesha nani alitoa nini, kwa maana wanandoa wenye amani hawaandikiani hati za madai. Kila Krismasi walipanda basi kwenda Rombo. Mke akakaa siku kumi jikoni kwa mama mkwe, akashukuriwa, akarudi mjini. Sasa anaambiwa kwamba siku kumi zile zitakuwa maisha yake yote yaliyobaki. Lugha ya pale anaisikia nusu. Akina mama wenzake wa WAWATA, wateja wake, daktari anayelijua shinikizo lake la damu, wajukuu wanaolala kwake kila Ijumaa, wote wanabaki Dar es Salaam. Ukimwuliza alishauriwa lini juu ya safari hii, atakujibu kwa upole: "Padre, mimi niliambiwa tarehe."

Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, jinsi watu walivyopakiwa katika malori na kupelekwa mahali walipochaguliwa na wengine, kwa faida yao wenyewe, kama walivyoelezwa. Wapo wanaume wanaoilaumu operesheni ile mpaka leo, wasione kwamba wanaendesha ndogo yake ndani ya ndoa zao.

Sisemi kwamba kustaafia kijijini ni kosa. La hasha. Kodi ya nyumba ya mjini haiwezi kulipwa kwa pensheni ndogo ya mwezi, na mzee aliyezoea kuheshimiwa kazini anaweza kunyauka upesi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mtoto wake. Kijijini kuna chakula shambani, kuna jirani anayebisha hodi asubuhi, na aghalabu kuna mama mzee wa miaka 85 ambaye mwanawe ana wajibu wa kumtunza. Wajibu huo ni mtakatifu wala hatuna ruhusa ya kuudharau. Wapo pia akina mama wanaotamani kuondoka mjini kuliko waume zao. Tena si kila mahali mke ndiye mgeni: kwa Waluguru, ambao ardhi yao hufuata ukoo wa mama, huenda mume ndiye anayeishi kwa hisani. Na mume mwenyewe anayerudi baada ya miaka 34 hushangaa mara nyingi. Vijana hawamjui, rika lake nusu wamekwisha kuzikwa, na ndugu wanaamini kwamba kiinua mgongo chake hakina mwisho. Yote hayo ni kweli. Lakini yeye, hata akishangaa, anashangaa akiwa juu ya ardhi inayomtambua.

Hofu ya mke si hofu ya jembe. Wanawake wetu hawakuwahi kuogopa jembe. Hofu yake ni siku ya arobaini, wageni wanapokwisha kutawanyika na ukoo unapoketi bila yeye.

Tuliseme waziwazi jambo hili ambalo katika familia husemwa kwa kunong'ona. Kwa kawaida mume hutangulia kufa, kwa kuwa aghalabu ndiye mkubwa kwa umri. Anapotangulia, mjane anabaki juu ya ardhi ya nani? Kihamba cha Uchagani na kibanja cha Buhaya, kwa fikra za ukoo, si mali ya mtu mmoja. Ni ardhi iliyopokewa kutoka kwa waliokufa kwa ajili ya watakaozaliwa. Fikra hiyo ina uzuri wake, na imeizuia ardhi nyingi isiuzwe kwa pombe. Lakini nyumba ya matofali iliyojengwa kwa jasho la watu wawili imesimama juu ya udongo ambao shemeji anauita wake. Mjane aliyebaki Dar es Salaam katika kiwanja kilichopimwa ana majirani, ana mjumbe, ana mahakama iliyo karibu. Mjane aliyehamia Rombo akiwa na miaka 58, akafiwa akiwa na 66, hana hata binamu mmoja wa kumsemea.

Sheria inasemaje? Yafaa viongozi wa walei wafahamu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotoka. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotungwa kwa ajili ya makabila yafuatayo ukoo wa baba, lilimnyima mjane sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ndiyo kusema, mwanamke aliyejenga nyumba anageuzwa kuwa mzigo wa watoto ndani ya nyumba hiyo. Na asipokuwa na watoto, au watoto wakiwa wakatili, hana kitu. Wajane wawili walilipinga Tangazo hilo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba linabagua, lakini haikulifuta. Rufani yao ilitupwa mwaka 2010 kwa sababu za kiutaratibu, nao wakaipeleka kesi mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba haki zao zilivunjwa.

Liko jambo jingine ambalo ni wachache wanalolijua, nalo linahusu moja kwa moja lori la mstaafu. Katika nchi yetu Mkristo anapokufa bila wosia, mirathi yake inaweza kuangukia sheria ya mila au Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliachiwa na Waingereza. Hii ya pili humpa mjane mwenye watoto theluthi moja ya mali. Ni ipi itumike? Kubatizwa peke yake hakutoshi. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha: je, aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, au aliziacha? Sasa fikirini. Mtu ameishi mjini miaka 34 kwa namna ya mjini, kisha miaka minane ya mwisho akarudi kihambani, akakaa katika vikao vya ukoo, akazikwa mgombani. Shemeji atakaposimama mbele ya hakimu na kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa mila, ushahidi wake utakuwa ni ile miaka minane. Hivyo kuhama kwenyewe, ambako mke alikukubali kwa upendo, kunaweza kutumika kumnyima theluthi yake. Sidhani kwamba wanaume wengi wanaopakia lori wanakusudia neno hilo. Hawajaambiwa tu.

Na tena pana ajabu moja inayopaswa kutusumbua sisi tunaotetea kudumu kwa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja wanandoa wanapotalikiana au kutengana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Lakini kifungu hicho cha mgawanyo kinasema juu ya talaka na kutengana. Hakisemi juu ya kifo. Mwanamke aliyevunja ndoa yake anaweza kwenda mahakamani akiwa na kifungu cha kushika mkononi. Yule aliyevumilia mpaka kifo kilipowatenganisha, kama alivyoahidi mbele ya altare, anakutana na kikao cha ukoo. Sisi mapadre tunahubiri uvumilivu katika ndoa, na twafanya vema. Basi tusinyamaze uvumilivu huo unapolipwa kwa kufukuzwa.

Hata hivyo sheria haikumwacha mke bila silaha. Sheria ya Ndoa hiyohiyo inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mwanandoa aliyeitunza au kuiendeleza ardhi kwa kazi yake, hata kama jina lake halimo katika hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inatamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili, na inaruhusu Hati ya Hakimiliki ya Kimila iandikwe kwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Kabla ya sheria hizo, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alikwisha kukataa mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, akisimama juu ya Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Silaha zipo. Taabu ni kwamba nyingi ya hizo zinahitaji karatasi iliyoandikwa mume angali hai.

Turudi kwa fedha, maana ndizo zinazoanzisha safari. Kuanzia Julai 2022 mkupuo wa mstaafu wa mfuko wa pensheni uliwekwa kuwa asilimia 33 ya mafao yake, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Sehemu iliyobaki hulipwa kila mwezi. Watu wamebishana sana juu ya kikokotoo, na wana haki ya kubishana. Lakini sijasikia mabishano juu ya mkupuo huo unapokwisha kuingia benki. Unaingia katika akaunti ya mmoja. Mara nyingi humaliziwa paa la nyumba ya kijijini na uzio wake, na cherehani ya mke huuzwa ili kuongezea nauli ya lori. Kwa hesabu hiyo mke amewekeza mara mbili mahali ambapo jina lake halimo hata mara moja.

Wapo wanaonijibu kwamba mambo ya hati yanaingiza shetani wa kutoaminiana katika ndoa. Mtu mmoja aliniuliza kama Yosefu na Maria walikuwa na hati. Nilimjibu kwamba Yosefu alisafiri mpaka Bethlehemu ili aandikwe, na Maria alikuwa pamoja naye. Mzaha ni mzaha. Hoja yake yahitaji jibu zito zaidi. Anayeandika jina la mkewe katika hati hatilii shaka upendo wake mwenyewe. Anatilia shaka upendo wa watu watakaokuwapo yeye asipokuwapo, na hapo ana sababu. Kitabu cha Mwanzo kinasema kwamba mwanamume ndiye atakayewaacha baba na mama yake ili aambatane na mkewe. Sisi tumezoea kuisoma aya hiyo siku ya arusi na kuisahau siku ya kustaafu. Kitabu cha Ruthu nacho kinatuonyesha Naomi, mjane aliyerudi na mkwe wake wakiwa hawana kitu, na shauri la ardhi ya marehemu mumewe lilivyomalizwa: langoni mwa mji, mchana, mbele ya wazee kumi, kwa kutaja majina. Boazi alikuwa mtu mwenye huruma, lakini hakuiacha huruma yake bila mashahidi.

Langoni mwa mji kwa siku zetu ni katika ofisi ya Halmashauri ya Kijiji. Mume na mke wanaofikiria kustaafia kijijini waende huko wote wawili mapema, tuseme miaka mitatu au minne kabla ya kustaafu, wala wasingoje mpaka mkupuo uwe umeisha. Waulize ardhi ile ni ya ukoo, ya baba, au imekwisha gawiwa. Ikiwa ni ya ukoo na wazee hawataki kusikia jina la mke, basi mume amepata jibu muhimu kabla ya kununua hata tofali moja, na yafaa afikirie kununua kiwanja kingine, hata cha robo eka karibu na barabara na zahanati, ambacho wataombea hati kwa majina mawili. Nyumba ndogo juu ya ardhi yenu ni bora kuliko kubwa juu ya ardhi ya kikao. Mgogoro ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Chunguzeni kama katika kijiji chenu hao watatu wapo kweli au wameandikwa tu.

Wosia nao uandikwe. Kwa taratibu za mila, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na wa asiyejua, wanne. Katika hali zote mbili wamo wa ukoo na walio nje ya ukoo. Ofisi ya RITA hupokea wosia na kuuhifadhi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kuwasaidia wasio na fedha za wakili. Naziomba Halmashauri za Walei za parokia za mjini zimwalike msaidizi wa namna hiyo walau mara moja kwa mwaka, azungumze na wanandoa waliofikisha miaka 50, wakiwa wamekaa pamoja, si wanaume upande huu na wanawake upande ule.

Parokia za vijijini zina wajibu wao pia, na labda ndio mzito zaidi. Mama mgeni, mzee, asiye na ndugu pale, ambaye mumewe amefariki, ni mtu wa kushukiwa kwa urahisi. Tunajua yaliyowapata akina mama wazee wa Usukumani ambao macho yao, mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, yalifanywa kuwa ushahidi wa uchawi. Wengi waliuawa, na nyuma ya baadhi ya mauaji hayo lilikuwapo shamba ambalo mtu alilitaka. Jumuiya inapompokea mke wa mstaafu isimpokee kama mke wa mtu wetu tu. Imtembelee yeye kwa ajili yake. Impe kazi anayoiweza: mshonaji afundishe wasichana kushona, aliyekuwa mweka hazina mjini aaminiwe na sanduku la huku. Mtu mwenye kazi yake na marafiki zake kijijini hafukuziki kirahisi, kwa maana wapo watakaouliza amekwenda wapi.

Na wale waliokwisha kuhama zamani, mume akiwa na miaka 70 na zaidi, hati ikiwa na jina moja au haipo kabisa? Muda haujapita maadamu baba yu hai na ana akili timamu. Katekista anayempelekea Komunyo kitandani anaweza kumwuliza kwa heshima, mama akiwapo, kama mambo ya nyumba yameandikwa. Wazee wengi hawachukizwi na swali hilo kama watoto wao wanavyodhani, nao hufarijika kuliulizwa.

Liko jambo dogo linalotuhusu sisi maparoko. Familia inapohama huomba barua ya utambulisho kwa parokia wanakokwenda. Barua nyingi nilizozipokea husema kwamba Bwana fulani, Mkristo mwema, anahamia kwenu pamoja na familia yake. Kuanzia sasa tuandike majina mawili kamili, na la mke liwe jina lake la ubatizo pamoja na la baba yake, na tutaje utume aliokuwa akiufanya kwetu, ili paroko wa kule ajue kwamba waliofika ni watu wawili.